Juu ya Bawa la Ndege, na Kikwembe Changu cha Sikukuu

Hapa Bunia kuna wanawake wanaojulikana kwa sauti zao kanisani na wengine kwa mboga yao ya sombe, na kuna mmoja, mjane wa heshima, mwenye diploma ya serikali aliyoipata nywele zikiwa zimekwisha kuingia mvi, anayejulikana kwa sababu aliimwaga ndege nzima ya abiria juu ya majani kama mtu anavyomwaga maji ya kuoshea vyombo. Huyo ni mimi. Najua habari hii mmekwisha kuisikia kwa vinywa vya wengine, na vinywa hivyo vimetia moshi mweusi na risasi na hata mtu aliyevunjika mguu (hakuna aliyevunjika mguu, ni mzee mmoja tu aliyepoteza kofia, na ilipatikana), kwa hiyo nimeona afadhali niibebe aibu yangu mwenyewe, ikiwa safi, kuliko kuiacha mikononi mwa watu wasiojua hata ilikuwa siku gani. Ilikuwa Alhamisi, Alhamisi ya pili ya mwezi wa nane. Watoto wangu huniita Kalenda, na sikatai.

Ili mnielewe, lazima nianze na mashine. Marehemu mume wangu, Baba Faustin, alipofariki kwa ugonjwa wa ini, aliniachia nyumba ya kusagia katika mtaa wa Bigo, na ndani yake injini ya mazuti, yaani dizeli, iliyokuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Wanaume wa familia walisema iuzwe, maana mwanamke hawezi kuiwasha. Nikajifunza kuiwasha. (Mwaka uleule nilijiandikisha shule ya jioni, nikakaa benchi moja na wasichana wa rika la binti zangu, lakini hiyo ni habari nyingine, na ile haina aibu.) Injini haiwashwi kwa mkono peke yake, huwashwa kwa masikio. Ile yenye afya hupanda kama mtu anayepanda kilima akiijua njia. Ile yenye matata hupanda nusu, husita, hutetemeka, hutema moshi mweupe, halafu sauti yake huanza kushuka huku bado inazunguka, na hapo ndipo mkanda unapoweza kuruka kutoka kwenye magurudumu yake na kumchapa mtu usoni. Kwa sababu hiyo, tangu enzi za mume wangu, nyumba yetu ya kusagia ilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa neno moja: "Mutoke!" Neno hilo likisemwa, mwanamke huacha beseni lake la mahindi hapohapo na kutoka nje. Hakuna anayeuliza kwa nini. Wote hungoja uani mpaka waitwe tena, na nafikiri hata kuku wa jirani walilijua, kwa maana walikuwa wakitoka mbele ya watu.

Sasa mambo ya Faustin. Mwanangu huyu alikuwa akifundisha Kisangani, na katika shule hiyohiyo alikuwako mwalimu mwenzake, Dorcas, mtoto wa Bunia kama yeye, na ilibidi wasafiri mpaka Kisangani ndipo wapendane, kwa kuwa hapa kwetu wasingethubutu. Watu wa Dorcas ni wa upande wa Kilo. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ninyi mnajua, sina haja ya kueleza, ni nini kilichokuwa kimepita kati ya vilima vyao na malisho yetu. Ilikuwa miaka ile ya amani ambayo mtu huilalia viatu vikiwa karibu na mlango.

Hata hivyo tulijaribu. Jumatatu ya Pasaka, familia mbili zilikutana nyumbani kwa mchungaji, mtaa wa Lumumba. Mlangoni, mama yake Dorcas, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kutazama chini, alininyooshea mikono miwili akaniita "bokilo", jina ambalo wakwe huitana, nami nikamjibu, "Bado, mama," kwa sauti niliyodhani ni ya adabu. Tukaketi. Mjomba wetu akataja ng'ombe wa mahari. Shemeji yao akauliza, akitazama dari: "Ngombe gani? Bale benye mulisema tuliiba, ao bengine?" Mjomba akajibu neno ambalo kalamu yangu haitalibeba. Yule akasimama, huyu akasimama, sote tukasimama. Sisi tulitoka kwa mlango wa mbele, wao kwa mlango wa nyuma, na mchungaji akabaki na sufuria ya mbuzi ambayo hakuna aliyeifunua.

Niliamini kwamba jambo limekufa. Lakini siku tatu kabla ya Alhamisi ile Faustin alinipigia simu. "Mama," alisema, "tunakutana tena, huku Kisangani, fasi kenye hakuna mwenye anajua ngombe ya mtu. Ni Jumamosi. Baba ya Dorcas alisha kufika. Anasema hii njo ya mwisho. Kama kiti yako iko wazi ile Jumamosi, anafunga neno."

"Anafunga namna gani?"

"Anafunga, mama. Kuko mutu mwingine anamutaka."

Barabara ya kwenda Kisangani ilikuwa ile ambayo mtu huulizia habari zake kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu, na mara nyingi huvivua. Kabla ya Jumamosi ilibaki ndege moja tu, ya Alhamisi, ndege ya jet iliyokuwa imeanza kutua kwetu. Mtaona basi kwamba nilikuwa na sababu zote za kukaa kimya kwenye kiti changu kama mzigo wa maharagwe.

Uamuzi mdogo ulioniangamiza ni huu: msichana wa kugawa viti aliponiuliza ninapenda kukaa wapi, badala ya kumwambia "popote, binti yangu", nilimwambia, kwa sauti ya kusikika na waliokuwa nyuma yangu, kwamba ninataka dirisha la karibu na injini, kwa maana mimi ni mtu wa injini. Akatabasamu, akanipa. Nilikuwa nimevaa kikwembe changu cha sikukuu, vipande vyote vitatu na kilemba chake, nikapanda ngazi kama mke wa gavana.

Nilikuwa nimekwisha kufunga mkanda niliposikia mtu anaomba njia. Nilipogeuka, ni yeye, mama yake Dorcas, na samaki wake wa kukaushwa amemfunga vizuri kwenye gazeti. Kiti chake kilikuwa kile cha njiani, katika safu yangu. Kiti cha katikati kilikuwa tupu. Nikaweka mkoba wangu juu yake. Naye akaweka wake. Mikoba ile ikakaa kati yetu kama askari wa kulinda amani.

"Habari," alisema.

"Nzuri."

Mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Mbele yetu, kwenye safu yenye mlango mdogo wa kutokea juu ya bawa, alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya kahawia, mcheshi, aliyekuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameelezwa na mhudumu namna ya kuvuta mpini wa mlango ule ikiwa kuna hatari, na alilipokea somo hilo kama mtu aliyepewa cheo. Mlango mkubwa ukafungwa. Ngazi zikaondolewa. Mama mmoja wa nyuma akaomba kwa sauti kwa niaba yetu sote, tukaitika amina, na hapo ile hewa baridi iliyokuwa ikitupuliza kichwani ikakatika ghafla. Kimya kikaingia. Joto likaja. Mzee wa kofia akageuka.

"Mama, hewa imekufa?"

"Ngoja, baba," nilimwambia. "Iko inawasha motere." (Neno hilo la injini nilikuwa nimelibahatisha, lakini nililisema kama mtu aliyelisomea.) Nikaegemeza sikio langu dirishani ili safu nzima ione namna mtu wa injini anavyosikiliza.

Nikasikia. Kwanza mlio mwembamba, wa mbali, ukizunguka. Ukapanda. Ukashika, kama moto unaposhika kuni kavu, nikaitikia kwa kichwa nikimthibitishia mzee kwamba mambo yanakwenda. Halafu ukasita. Nawaambia ukweli, niliujua mlio ule kama ninavyojua kikohozi cha mwanangu. Ulisita pale ambapo haupaswi kusita, ukatetemeka, na nyuma ya injini nikaona moshi mweupe ukitambaa, kisha sauti ikaanza kushuka huku kile chuma bado kinazunguka. Sikufikiri. Miaka yote ile ya Bigo ilinipanda kooni, nikasimama, nikagonga kichwa, nikapiga kelele:

"Mutoke! Mutoke inje!"

Katika nchi nyingine, nadhani, watu wangeniuliza, "Mama, kuna nini?" Lakini wale walikuwa watu wa Bunia. Kila mmoja wao alikuwa amekwisha kukimbia nyumba yake zaidi ya mara moja, na walionusurika ni wale ambao hawakuuliza. Ndege nzima ilisimama kwa mwendo mmoja, mizigo ikashuka, watoto wakafungwa mgongoni, na wahudumu waliokuwa wakilia "Mukae! Mukae chini!" walikuwa kama watu wanaozuia mvua kwa mikono. Na mzee wa kofia, ambaye alikuwa amepewa cheo dakika chache tu zilizopita, alivuta mpini.

Mlango mdogo ukafunguka. Jua likaingia. Mzee akatoka, nami nikatoka nyuma yake, maana mtu aliyesema "mutoke" hawezi kubaki ndani, na hivyo ndivyo mjane wa heshima alivyojikuta amesimama juu ya bawa la ndege, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui wapi, kipande cha chini cha kikwembe kimenaswa na kitu fulani cha chuma, na uwanja wote wa ndege wa Bunia ukimtazama. Watu walinipita, wakateleza upande wa nyuma wa bawa, wakaruka majanini, wakakimbia. Rubani alikuwa amekwisha kuzima kila kitu. Mimi sikuweza kuruka (kwa sababu ya kikwembe) wala kurudi (kwa sababu ya watu). Nikabaki pale kama nguo iliyoanikwa.

Sauti ikasema nyuma yangu, kwa upole:

"Mama Faustin, sasa tunaenda fasi gani?"

Alikuwa ni mama yake Dorcas. Mkono mmoja ulishika samaki wake, mkono mwingine mkoba wangu.

Kabla sijamjibu, simu ililia ndani ya mkoba ule. Akanipa. Alikuwa dada yangu mdogo, wa Bigo, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, uko fasi gani? Kimbia! Banavamia uwanja wa ndege!"

"Nani anavamia?"

"Batu ba moto-taxi banakuya mbio, banasema waliona batu banaruka mu ndeke na kukimbia mu majani! Maduka yote inafungwa! Batu ba soko banakimbia! Weye uko fasi gani?"

"Niko juu ya ndege."

"Ndani?"

"Juu."

Akanyamaza kidogo. "Juu namna gani, yaya?"

Nikakata simu. Nilipotazama mbali, niliona askari wa kulinda amani, wale wenye kambi kando ya uwanja, wamekwisha kulala nyuma ya mifuko yao ya mchanga. Baadaye nilijua yaliyobaki: kwamba kwenye bulevadi milango ya chuma ilishuka duka baada ya duka, kwamba huko Bigo magodoro yalipanda vichwani, na kwamba mashine yangu mwenyewe iliachwa inaunguruma peke yake, bila mtu, kwa sababu mwendeshaji wangu alikimbilia parokiani na beseni la unga wa mwanamke ambaye naye alikimbilia upande mwingine. Mji mzima ulikuwa umetii neno langu. Hakuna mwanamke wa Bunia, hata yule mwenye sauti kubwa kuliko wote kanisani, aliyewahi kutiiwa hivyo.

Ngazi ilipoletwa, tulishushwa. Rubani alikuwa anatungoja chini, mwanamume mnene wa Bukavu, mwenye ndevu za mvi, akijifuta jasho. Kando yake alisimama ofisa wa usalama wa uwanja, na huyu hakuwa na jasho wala mzaha.

"Nani alisema mutoke?" ofisa aliuliza.

Nikainua mkono, kama pale shule ya jioni.

"Weye mama, unabaki hapa. Hii ndeke hautaipanda tena. Tutaongea weye na miye ofisini."

Akilini nilimwona Faustin akitazama mlango siku ya Jumamosi, nikaona kiti changu kikiwa wazi. Nilitaka kueleza habari za mkanda na magurudumu, lakini maneno yote ya diploma yalikuwa yamenikimbia kama abiria.

Ndipo mama yake Dorcas aliposogea mbele, macho yake yakitazama chini vilevile. "Komanda," alimwambia rubani, si ofisa, "huyu mama hapana mwenye fujo. Yeye iko na mashine ya kusaga kule Bigo. Kama mashine inataka kuua batu, anasema mutoke, na batu banatoka. Miye nilikuwa nasaga kwake zamani, kabla ya vita. Aliisha kunitoa inje mara mingi. Njo maana leo nilitoka. Sikuuliza."

Nilimgeukia. Nilikuwa nimemtazama mwanamke huyu Jumatatu yote ile ya Pasaka na sikuwa nimemkumbuka. Nilimtafuta sasa, katika vichwa vyote vilivyowahi kuinamia mabeseni katika nyumba yetu, na nikampata: mwembamba, karibu na mlango, anayengoja zamu bila kusukuma. Tangu vita hakuwahi kurudi, na mimi sikuwahi kuuliza ni nani aliyepungua.

Rubani alicheka kwa pumzi moja. "Kumbe ni fundi mwenzangu," alisema. "Mama, ulisikia nini?"

Nikamweleza. Nikamwigia hata ule mlio, kupanda, kushika, kusita, na watu wakasogea kusikiliza, maana hakuna aliyekuwa na nia ya kupanda ndege ile tena. Rubani alisikiliza mpaka mwisho.

"Masikio yako ni mazuri," alisema, "lakini umesikiliza nusu. Mule mu mkia kuko motere ndogo, haina kazi ya kuruka, inatoa hewa tu. Njo ile hewa baridi ya kichwa. Kama nataka kuwasha motere kubwa, ninawanyima ninyi kwanza, ile hewa inaenda kuizungusha. Ikizunguka vizuri, mafuta inaingia, moto unashika. Pale njo pa hatari, maana moto inaweza kupanda mbio kuliko mzunguko, na ndani inayeyuka. Miye natazama. Lakini kuko mashine ingine, akili ya umeme, inatazama mbio kuliko miye. Leo iliona moto inapanda vibaya. Ikakata mafuta yenyewe, kabla haijaungua. Halafu ikaendelea kuizungusha na hewa tupu, ili ifukuze ile mafuta yenye haikuwaka. Ile njo moshi mweupe uliona. Ile njo sauti ulisikia inashuka."

"Haikufa?"

"Haikufa, mama. Ilijizuia. Ilikuwa inapoa, ijaribu tena."

"Na ikikataa mara ya pili?"

"Tunazima, fundi anaifungua. Hatuilazimishi. Lakini kukataa mara moja si kufa."

Mama yake Dorcas alisema, polepole, kama anayeongea na samaki wake: "Njo kama siye, siku ile ya Pasaka."

Nilikuwa natazama ile injini kubwa, iliyokuwa sasa kimya, bila alama hata moja ya kuungua.

Ofisa bado alitaka nibaki. Lakini tatizo lake lilikuwa jingine: fundi alipokuwa ameukagua na kuufunga upya ule mlango mdogo, na injini ameitazama na kuiona haina kasoro, na ngazi imesogezwa, hakuna aliyepanda. Watu walisimama majanini na mizigo yao. Mzee wa kofia ndiye aliyewasemea. "Komanda, siye tunasikia maneno yako. Lakini huyu mama akibaki chini, siye tutajuaje? Kama yeye hapandi, hatupandi. Na kama banataka mutu wa kufunga, ule mulango ni miye nilifungua. Banifunge miye." Akavua kofia (ilikuwa imerudishwa) kana kwamba atafungwa bila kofia.

Ofisa alimtazama rubani. Rubani akatazama jua, kwa kuwa saa zilikuwa zinakwenda, kisha akanitazama mimi.

"Mama, ulisema neno moja, wote wakatoka. Unajua neno la kuwabakisha?"

Basi nilipanda wa kwanza, kiatu kimoja mkononi, na wote wakapanda nyuma yangu wakitazama kisigino changu. Sikurudi dirishani moja kwa moja. Rubani alinisimamisha mbele kabisa, mahali pa wahudumu, akanipa ile simu ya kutangazia, na nawaambia kwamba mtihani wa serikali haukunitoa jasho kama lile. Nikaona nyuso zile zote, wa upande wetu, wa upande wao, na wale wasio na upande ambao ndio walioumia zaidi, zikinitazama mimi, si rubani.

"Ndugu zangu," nilisema, na sauti yangu ikanirudia kutoka juu kama ya mtu mwingine. "Hewa itakatika tena. Joto litakuja. Musiogope. Mutasikia sauti inapanda. Ikikataa, itajizima yenyewe, na tutangoja. Mubaki." Nilitaka kuongeza kitu cha maana, cha mtu aliyesoma, lakini hakikuja, nikasema tena, "Mubaki."

Mhudumu akanirudisha kwenye safu yangu. Mama yake Dorcas alikuwa ameketi kiti cha katikati. Mikoba yote miwili ilikuwa chini ya miguu yake. Nikampita, nikaketi kwenye kiti changu cha dirishani, nikafunga mkanda.

Hewa ikakatika. Mlio mwembamba ukaanza. Ukapanda. Mzee wa kofia alikuwa amegeuka kabisa, hakutazama injini, alitazama uso wangu, na nyuma yake nilihisi safu nzima zikitazama uso wangu, kwa hiyo niliushikilia uso ule kama mtu anavyoshikilia beseni lililojaa. Moto ukashika. Ukafika pale. Mahali pale pa kusita. Mkono mwembamba ukashika mkono wangu, au labda ni wangu uliokwenda kuutafuta. Hilo nalo hatujakubaliana mpaka leo. Mlio ukapita mahali pale, ukaendelea kupanda, kisha ukatulia, mnene, sawasawa, na hewa baridi ikarudi vichwani mwetu.

"Mama," mzee alininong'oneza, "tubaki?"

"Mubaki, baba."

Wakapiga makofi mpaka fundo la kilemba changu likalegea.

Jumamosi, Kisangani, kiti changu hakikuwa wazi. Msidhani mambo yalikwenda kama asali. Shemeji yao alikuwako, na mjomba wetu alikuwa amempa Faustin maneno ya kusema kwa niaba yake kupitia simu, maneno ya ng'ombe, na mara tu ng'ombe walipotajwa nilisikia ule mlio, bila injini yoyote, nikauona uso wa shemeji ukipanda rangi. Kabla mtu hajasimama, mama yake Dorcas aliweka kikombe chini. "Bokilo," aliniambia, mbele ya wote, "mukate mafuta kwanza." Shemeji akauliza mafuta gani. Tukacheka sisi wawili kama wasichana wa shule, na kwa kuwa hakuna aliyejua tunacheka nini, wote ikabidi wangoje tumalize. Madirisha yakafunguliwa. Maji yakanywewa. Habari za ndege zikasimuliwa, aibu yangu yote, kuanzia kilemba hadi kiatu, nami sikuipunguza hata kidogo, na shemeji alicheka mpaka akajifuta macho. Baadaye tukarudia neno la ng'ombe tangu mwanzo. Lilikataa mara moja tena. Tukangoja. Sufuria ilifunuliwa jioni.

Nimejiwekea nadhiri, na mnishuhudie: sitaomba tena dirisha la karibu na injini, mkinikuta safarini, mtanikuta nyuma kabisa, kiti cha njiani, karibu na choo, kama watu wasiojua lolote. Na neno lile sitalisema tena nje ya kuta nne za nyumba yangu ya kusagia, hata nikiona moto kwa macho yangu. Nitasema neno jingine, nitakohoa, nitaita polisi. Watoto wa Bigo huniita Mama Mutoke, na nimezoea. Mtu akikuita kwa aibu yako kila siku, inachakaa kama kikwembe, na mwishowe inakuwa laini.

Mama yake Dorcas alirudi kusaga kwetu mwezi wa kumi, Jumanne ya kwanza. Huja na beseni lake, husimama karibu na mlango, hangoji upendeleo wowote kwa kuwa sisi ni bokilo. Wiki iliyopita injini ilisita, nikalisema lile neno, naye akaacha mahindi yake, akatoka uani pamoja na wengine bila kuuliza. Nikakata mafuta. Nikangoja ipoe. Nilipoiwasha tena na ikashika, sikuwahi hata kuita: nilipogeuka, alikuwa amekwisha kurudi ndani.